PAX6 kwenye majimaji ya lishe: kwa nini seli hazikubadilika?

SWALI: Niliagiza protini ya PAX6 ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria, nikaitia kwenye majimaji ya lishe ya seli shina (seli changa zinazoweza kugeuka kuwa za aina nyingine) nikitarajia ziwe seli za retina, yaani tabaka la jicho linalopokea mwanga. Wiki mbili zimepita bila badiliko lolote. Je, nimeuziwa protini mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, huenda protini yako ni nzima kabisa. PAX6 hufanya kazi ndani ya kiini cha seli, ambako hushika DNA na kuamsha jeni nyingine zinazojenga jicho. Ndiyo maana mtu ambaye nakala yake moja ya jeni ya PAX6, iliyo kwenye kromosomu ya 11, imeharibika, mara nyingi huzaliwa akikosa ile duara yenye rangi inayozunguka mboni. Ukiitia nje ya seli, haivuki utando kwa kiasi cha kutosha kubadili mwelekeo wa seli. PAX6 ya namna hii hufaa kupimia ubora wa kingamwili (protini inayotumiwa kuinasa PAX6 ili ionekane), au kuchunguza jinsi inavyoshika DNA.

Unachohitaji ni ishara inayopokelewa nje ya seli, na hapo protini iitwayo BMP4 ndiyo mahali pake, kwa kuwa hata mwilini seli huitoa nje ili ishikwe na vipokezi vya seli jirani. Watafiti wa Japani walieleza mwaka 2015 njia ya kupata retina ninayoipenda mno: mabonge madogo ya seli shina hupewa BMP4 mara moja tu, siku ya 6, kwa kiwango cha nanomola 1.5, yaani takriban nanogramu 55 kwa mililita, kisha kila siku ya tatu hubadilishwa nusu tu ya majimaji, ili ishara ififie polepole. Anayemwaga majimaji yote huikata ghafla.

Kichupa cha BMP4 kikifika utadhani ni kitupu, maana unga wake ni utando mwembamba usioonekana. Kizungushe kwenye mashine ya sentrifuji kabla ya kukifungua, fuata kimiminiko cha kuyeyushia kilichoandikwa kwenye karatasi yake (mara nyingi ni asidi hafifu yenye albumini kidogo, kwa sababu protini chache hivi hunata kwenye plastiki), igawe katika vichupa vidogo na uvigandishe, na kichupa kilichokwisha kuyeyuka barafu usikigandishe tena.

Hiyo PAX6 uliyonunua usiitupe: itumie kuhakiki kingamwili utakayotafutia PAX6 ambayo seli zimejitengenezea zenyewe. Tafuta na VSX2 pia, protini ambayo ni alama ya seli changa za retina, kwa kuwa PAX6 peke yake huonekana hata kwenye seli za ubongo wa mbele.