Kijiko cha kopo la zamani

Mwanangu alipotimiza miezi mitatu, mstari wake kwenye kadi ya kliniki ulikuwa unapanda vizuri. Mwezi uliofuata ukalala. Hakuharisha, hakuwa na homa. Chupa ya maziwa ya kopo anamaliza, kisha analia. Nesi akaniambia, "Mama, kesho niletee kopo na kijiko unachopimia."

Hapo ndipo nilipoumbuka. Aina ya maziwa niliyoizoea iliadimika maduka ya Nkuhungu, hapa Dodoma, nikachukua nyingine. Kijiko chake kilikuwa kimezama ndani ya unga, nami nikaendelea na kile cha zamani. Kumbe kile cha zamani ni cha mililita 30 za maji, na kopo jipya lataka kijiko kimoja kwa mililita 60. Mume wangu hakuamini, akavibeba vyote kwa sonara mmoja Majengo. Cha zamani kikatoa gramu 4.4 za unga, kipya 8.8. Sonara alicheka. Mimi hapana.

Kwa kiwango cha Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, maziwa ya mtoto mchanga yaliyokwisha kukorogwa huwa na kilokalori 60 hadi 70 kwa kila mililita 100. Wangu alikuwa anapata kama nusu, na protini na madini ya chuma hali kadhalika. Kiwandani walipima, niliyeharibu ni mimi jikoni.

Kwa hiyo, ukibadili kopo, badili na kijiko. Maji yaliyochemka yatangulie, yakiwa bado ya moto, si chini ya nyuzi 70, chupa ikiwa mezani na jicho lako usawa wa alama. Halafu unga, uliokatwa juu kwa mgongo wa kisu safi, bila kushindilia. Na wewe unayeongeza kijiko "ili ashibe": maziwa mazito humfunga choo na kumkausha maji, tena kwa joto letu la Novemba! Ukishakoroga, yapoze kwanza ndipo umpe.

Unga wa kupimiwa kwenye mfuko wa nailoni sinunui, hata kwa nusu bei. China mwaka 2008 maziwa yalitiwa maji, kisha melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, kwa kuwa kipimo kilichozoeleka cha protini huhesabu naitrojeni tu, na melamini imejaa naitrojeni. Watoto karibu 300,000 waliugua. Ikiwa maabara ilidanganywa, mimi na macho yangu tutaona nini?

Siku hizi kopo likifunguliwa, kijiko chake nakiandika jina kwa kalamu ya wino mzito. Kile cha zamani kimehamia kwenye chumvi.