Roosevelt, benki zilizofungwa na wanachama waliotaka pesa zao

Mkutano mkuu wetu umepita na chama chetu cha akiba na mikopo bado kimesimama. Mnisamehe kwa kujidai kidogo, maana mwezi uliopita kuna watu walikwishatuandalia matanga. Tangu niweke picha za mkutano nimepata meseji nyingi kutoka kwa wenyeviti na makatibu wenzangu wa SACCOS na vikoba, na swali ni lilelile: mama, uliwaambia nini watu wale mpaka wakaondoka na fomu zao za kutoa akiba bila kuziwasilisha?

Nitawaambia, ila lazima nianzie kwa Franklin Delano Roosevelt, rais wa 32 wa Marekani, kwa sababu karibu kila nilichofanya nilimwibia yeye.

Alipoapishwa tarehe 4 Machi 1933, benki za nchi ile zilikuwa zinaanguka. Watu walikuwa wamepanga foleni kutoa fedha, na majimbo mengi yalikwishazifunga benki au kuweka kikomo cha kutoa. Tarehe 6 akaamuru zifungwe nchi nzima. Hebu fikiria: rais mpya, hata kiti hajakizoea, anawaambia wananchi hamtagusa pesa zenu. Tarehe 9 Kongresi, yaani bunge lao, ikapitisha sheria ya dharura siku ileile ilipoletwa, na serikali ikaanza kuchambua benki ipi nzima na ipi imeoza. Jumapili usiku, tarehe 12, ndipo akakaa mbele ya maikrofoni za redio pale Ikulu akaongea na nchi kwa muda usiofika robo saa.

Hotuba ile nimeisoma mpaka naijua, na kila nikiirudia nashangaa ilivyo kavu. Hakuna mbwembwe. Anaanza kwa kusema anataka kuzungumza dakika chache na watu wa Marekani kuhusu benki, basi. Kisha anaeleza jambo ambalo hata wenye akaunti wengi hawakuwa wakilijua: ukiweka fedha benki, hawazifungii kwenye sefu zikakungoja. Wanazikopesha na kuziwekeza, ndiyo maana hata benki iliyo imara haiwezi kumlipa kila mtu taslimu kwa mkupuo. Anakiri kwamba baadhi ya wenye mabenki walikuwa ama hawaiwezi kazi ama si waaminifu. Anatoa ratiba: kesho zitafunguliwa za miji 12 yenye benki za Hifadhi ya Shirikisho, yaani benki kuu ya Marekani, keshokutwa miji mingine, kisha kwingineko. Na benki yako isipofunguliwa siku ya kwanza, anasema, usidhani ndiyo imekufa.

Hapo ndipo nilipompendea. Alimwona mapema yule mtu wa Jumatatu asubuhi atakayekuta mlango wa benki yake umefungwa na wa jirani uko wazi, akamjibu Jumapili.

Wala hakuahidi mbingu. Alisema wazi hawezi kuahidi kwamba kila benki itafunguliwa au kwamba hakuna mtu atakayepoteza. Na katika hotuba hiyohiyo aliwaambia fedha ziko salama zaidi kwenye benki iliyofunguliwa upya kuliko chini ya godoro. Benki zilipofunguliwa foleni zilirudi, safari hii za watu wa kuweka. Ndani ya wiki mbili zaidi ya nusu ya fedha taslimu zilizokuwa zimefichwa zilikuwa zimerudishwa, na soko la hisa la New York lilipofunguliwa tarehe 15 lilipanda kwa zaidi ya asilimia 15 siku hiyohiyo.

Sasa yetu. Mkopaji mmoja mkubwa alikwama marejesho. Kabla bodi haijakaa, mtu akarusha ujumbe wa sauti kwenye grupu la WhatsApp kwamba chama kinafilisika. Asubuhi ofisi ilijaa mpaka barazani, na mhasibu wetu, binti mpole, alikuwa anatetemeka mikono. Wajumbe wenzangu walitaka nitoke niwatulize: niseme chama ni imara, tumtangulize Mungu, tuchape kazi. Nikakataa. Tukasimamisha utoaji kwa muda kama masharti ya chama yanavyoruhusu, tukamwita mkaguzi, tukafungua vitabu vyote vya hesabu. Vikao vilivyofuata nitaviruka, vilikuwa virefu na chai ilikuwa ya baridi.

Siku ya mkutano nilibandika karatasi kubwa ukutani. Akiba na amana, kiasi hiki. Mikopo iliyo mikononi mwa wanachama, kiasi hiki. Inayorejeshwa vizuri, hii. Chechefu, yaani iliyokwama marejesho, hii. Fedha zilizopo benki leo, hizi. Nikawaambia: pesa zenu mnazitafuta kwenye sefu, kumbe mmezikalia wenyewe. Ziko kwenye cherehani za yule mama pale nyuma. Ziko kwenye bati la nyumba ya mwalimu. Watu wakacheka, mwalimu akainamisha kichwa. Nikawaambia pia kuna fungu ambalo huenda tusilipate, na kwamba mwaka huu hakuna gawio. Hawakucheka. Nikawapa tarehe ya kufungua utoaji na nani ataanza, nikaketi.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeniomba siri, siri ni kuwaonyesha watu pesa zao zilipo. Kabla ya hotuba, hesabu. Kabla ya kupanda jukwaani, mkaguzi. Waonyeshe zilipo.

Kuna mzee mmoja, jina lake nalihifadhi, alisimama akasema mama huyu anatuchezea akili kwa siasa za Wazungu. Iliniuma, na bado inaniuma, maana mkopo wake wa kwanza nilimdhamini mimi. Lakini nilichogundua ni kwamba anafikiri ushawishi ni sauti na ufundi wa kupanga maneno, kama wanavyofikiri viongozi wengi. Kama ingekuwa hivyo, Roosevelt asingeshindwa kamwe. Mwaka 1936 alishinda majimbo 46 kati ya 48. Miezi michache baadaye akataka kuongeza hadi majaji sita kwenye Mahakama ya Juu yenye majaji tisa, akisema majaji ni wazee na kazi zimewazidi. Kila mtu aliona kwamba anataka kuwazidi kura wale waliokuwa wakifuta sheria zake. Machi 1937 akaenda redioni kuutetea mpango huo. Mtu yuleyule, sauti ileile. Seneti, iliyojaa watu wa chama chake, ikauzika mpango. Watu wanasamehe habari mbaya, kuzungushwa hawasamehe.

Sitaki mnielewe kwamba namwabudu. Hata bima ya amana za benki, ambayo leo anasifiwa nayo, mwanzoni hakuitaka. Na Februari 1942 alitia saini amri namba 9066, iliyowaondoa makwao watu takriban 120,000 wenye asili ya Kijapani na kuwafungia kambini, wengi wao raia wa Marekani. Nchi yao iliomba radhi kwa sheria mwaka 1988, yeye akiwa kaburini zaidi ya miaka 40. Mwezi uleule wa amri hiyo aliwaomba Wamarekani wawe na ramani ya dunia mezani ili wamfuate akieleza vita, namna ya kuwaheshimu wasikilizaji ambayo naipenda sana. Yote mawili ni ya mtu mmoja. Ukijifunza kwake, jifunze ukiwa macho.

La mwisho, na hili nawaambia wenyeviti mnaotuma voisi kila alfajiri: katika miaka 12 ya urais wake, mazungumzo yale ya redioni yalikuwa kama 30 tu. Watu waliyasubiri. Ninyi mnawachosha watu kwa methali na salamu, halafu siku ya hatari mnashangaa hakuna anayefungua ujumbe wenu. Punguzeni maneno jamani. Fungueni vitabu.

Walioniomba nakala ya hotuba yangu, sitaitoa, kwa sababu ilikuwa tarakimu zetu na hazitawafaa. Ombeni vitabu kwa wahasibu wenu. Na yule mzee wa siasa za Wazungu? Utoaji ulipofunguliwa alikuja na fomu yake, akaichana mbele ya mhasibu, kisha akanunua hisa nyingine. Mimi hajanisalimia mpaka leo.