Nilianza kwa kushuka kituo kimoja kabla

Kwa miaka mingi nilikuwa nikisema sina muda wa mazoezi, na nilikuwa nasema kweli. Naamka, nakaa kwenye basi, nakaa kazini mpaka jioni, nakaa tena kwenye basi, nikifika nyumbani nakaa. Jioni nikivua soksi, alama ya mpira ilikuwa imechimbika kwenye kifundo cha mguu, na miguu imejaa kama ya mtu aliyesimama siku nzima, wakati mimi nilikuwa nimeketi tu.

Kisha nikaenda kupima afya. Daktari akaniambia sukari imeanza kupanda: haijawa kisukari, lakini huko ndiko inakoelekea. Hakuniandikia dawa. Aliniuliza tu kwa siku natembea kiasi gani. Nikaanza kuhesabu kichwani, kitandani hadi bafuni, mlangoni hadi kituoni, nikakosa la kujibu.

Nilichofanya baada ya hapo ndicho wanachofanya wengi. Nikajiandikisha kwenye ukumbi wa mazoezi, nikanunua raba mpya, nikategesha saa iniamshe alfajiri. Wiki ya tatu nilikuwa nimeshaacha. Ratiba ile ilidai saa nzima ambayo sikuwa nayo, na kila nilipokosa siku moja nilijiona nimeshindwa yote. Kilichonisaidia ni kuacha kutafuta muda wa kutembea, nikaanza kutembea ndani ya safari ambazo tayari nilikuwa nazifanya. Nikawa nashuka kituo kimoja kabla ya changu.

Kituo kimoja kwangu ni dakika 12. Asubuhi 12, jioni 12, siku tano za kazi: hizo ni dakika 120 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za shughuli ya wastani kila wiki. Kwa kituo kimoja tu nilikuwa nimebakiza dakika 30. Na jambo ambalo wengi hawajalisikia ni kwamba tangu mwaka 2020 shirika hilo liliondoa lile sharti la zamani kwamba mazoezi yahesabike tu yakifika dakika 10 mfululizo. Dakika nne za kwenda kwa fundi viatu zinahesabika. Ngazi zinahesabika. Ukiwa mtu wa shughuli nyingi, habari hii ni kubwa kuliko unavyodhani.

Ila uwe mwendo wenye kazi kidogo, si wa kuzubaa. Kipimo changu ni sauti: kuongea niweze, kuimba nishindwe. Kwa watu wazima wengi mwendo huo ni kama hatua 100 kwa dakika.

Dakika zilizobaki nilizipata baada ya chakula cha jioni, na hapa naomba unisikilize kwa makini, maana kama una wasiwasi na sukari hii ndiyo sehemu ninayoithamini kuliko zote. Ukila, sukari huingia kwenye damu, na kawaida mwili hutegemea insulini kuiingiza kwenye seli. Lakini msuli unaofanya kazi una njia yake nyingine ya kuvuta sukari, isiyongoja insulini. Na misuli ya miguu na mapaja ndiyo mikubwa mwilini. Kwa hiyo ukitoka kutembea wakati chakula kinaanza kusagika, unaikamata sukari pale pale inapopanda. Mimi natoka ndani ya nusu saa baada ya kula, natembea dakika 10 au 15, basi. Niliporudi kupima baada ya miezi sita, kiwango kilikuwa kimeshuka. Katika miezi hiyo nilikuwa pia nimepunguza vinywaji vitamu, kwa hiyo siwezi kuipa miguu sifa zote. Na kama tayari unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, zungumza kwanza na daktari wako, kwa sababu sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

Ile alama ya soksi nayo ilipungua. Damu ikishashuka miguuni inatakiwa ipande tena hadi kwenye moyo, na kazi kubwa ya kuipandisha inafanywa na misuli ya vigimbi: kila hatua inabana mishipa na kusukuma damu juu. Ukikaa kwa muda wa saa nane, pampu hiyo imezimwa. Siku hizi simu ikiita kazini nainuka na kuongea huku natembea ukumbini.

Watu huniuliza kama nimefikisha hatua 10,000. Sijui, sihesabu. Namba hiyo haikutoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, kwenye kifaa cha kuhesabia hatua kilichoitwa manpo-kei, maana yake kipima hatua elfu kumi. Lilikuwa jina zuri la kuuzia bidhaa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia wanawake wazee zaidi ya 16,000 nchini Marekani, ukaona kwamba waliotembea hatua kama 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700 hivi, na nafuu iliendelea kuongezeka hadi karibu 7,500, kisha ikatulia. Kama namba inakupa moyo, ishike. Kama inakukatisha tamaa kila jioni, iache.

Viatu usivifanyie mzaha. Wiki ya kwanza nilitembea na viatu vya kazini, nikapata malengelenge visigino vyote viwili, nikachechemea siku nne. Sasa viatu vya kazi viko kwenye begi, raba ziko miguuni. Mbele ya kidole kirefu acha nafasi ya upana wa dole gumba, na ukanunue jioni, mguu ukiwa umetanuka. Pasipo na njia ya watembea kwa miguu, tembea ukiwa umeelekea magari yanayokuja, uyaone.

Shangazi yangu anaogopa magoti yake "yataisha". Nilimweleza nilivyoelezwa mimi: gegedu la goti, yaani ule utando mgumu laini unaofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu, linapata chakula chake kwa kubanwa na kuachiwa kama sponji, kwa hiyo kutembea kwa kiasi hulilisha. Alianza na kuzunguka nyumba. Goti likivimba au likiuma kwa kuchoma, hapo ni kupumzika na kwenda kuangaliwa. Na kifua kikikubana ukitembea, kisha kikaachia ukisimama, usijiambie ni uchovu. Nenda hospitali.

Nimeandika mengi kuhusu mwili, lakini kilichonifanya niendelee ni kitu kingine. Mwanangu ana miaka 15. Ukimkalisha ukamuuliza shule inaendaje, atakwambia "poa", macho yakiwa kwenye simu. Jioni moja nikamwambia, "Nisindikize basi, mama yako asitembee peke yake." Akavaa viatu kwa shingo upande. Tulitembea kimya muda mrefu. Yeye alikuwa anasukuma kijiwe kwa ncha ya kiatu, kikienda pembeni anakifuata, anakirudisha njiani. Tulipokata kona, bila kuniangalia, akasema, "Mama, mimi sitaki tena kukaa na wale."

Sikusimama. Sikumgeukia. Nilihisi kwamba nikisimama nikamtazama usoni, maneno yatakwisha. Nikasema tu, "Enhe," nikaendelea na mwendo ule ule. Akanieleza mambo ambayo yalikuwa yakimsumbua muhula mzima, na mimi mezani nilikuwa namuuliza kila siku. Nadhani ni kwa sababu mkitembea nyote mnatazama mbele. Hakuna anayehojiwa, na kimya hakimtishi mtu kwa kuwa miguu inaendelea na shughuli yake. Nimekuja kujaribu hivyo hivyo na mume wangu tukiwa tumekwazana, na mambo hulainika kabla hatujarudi mlangoni. Kama una mtu ambaye mazungumzo naye yamekauka, usimwite kikao. Mwombe akusindikize mahali.

Siku za mvua tunakosa, na sijilaumu tena. Kesho yake tunatoka. Siku hizi nikichelewa kuondoa vyombo mezani, mwanangu ndiye anayesimama mlangoni ameshafunga kamba za viatu, ananiuliza kama bado.