Televisheni katika Chumba cha Cherehani

Mimi ni fundi cherehani wa Wete, Pemba, na tangu mwaka 2011 chumba ninachoshonea kina televisheni. Kina mama wenzangu wanaofanya kazi nyumbani huniuliza mara kwa mara kama inafaa kuwa na kitu hicho mahali ambapo riziki inatafutwa na watoto wanasoma. Mimi nawajibu kwamba inafaa, lakini televisheni husema bila kusubiri na haimuulizi mtu kama ameelewa, kwa hiyo kazi ya kusubiri na kuuliza lazima ifanywe na mtu mzima aliyemo nyumbani. Hilo sikulijua nilipoinunua.

Marehemu baba yangu alikuwa akitusimulia kwa fahari kwamba Zanzibar ilianza kurusha televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, wakati ndugu zetu wa Bara walisubiri hadi mwaka 1994 kupata kituo chao cha kwanza. Fahari hiyo ilikuwa ya haki, ingawa kwetu Pemba kuangalia kulitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na yakizimika ndiyo imetoka. Mwaka 2010 ulipofika umeme wa gridi kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, ndipo wengi wetu tulipoanza kununua vyombo bila hofu. Yangu ilikuwa televisheni ya chogo, ya mtumba, na niliiweka mbele ya cherehani ili niangalie huku nashona.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku tatu kabla ya Idd, tamthilia ikiwa imefika patamu, nilikata mikono ya gauni la mteja na yote miwili ikatoka ya upande wa kulia. Fundi anajua kwamba mviringo wa mbele wa kikwapa huingia ndani zaidi kuliko wa nyuma, na mkono ukigeuzwa hauvaliki. Kitambaa kile mteja aliletewa na dada yake kutoka Dubai, na kilichobaki hakikutosha hata kola. Nilikwenda Chake Chake kutafuta cha kukikaribia, nikakilipia mwenyewe, nikashona usiku kucha, na bado yule dada wa watu alilivaa gauni lake siku ya Sikukuu bila furaha. Fedha nilizirudisha kwa kazi nyingine, lakini imani yake ilichukua zaidi ya mwaka kurudi.

Baada ya hapo niligeuza televisheni ikaelekea benchi la wateja, nami nikabaki na sauti tu. Taarifa ya habari na mawaidha masikio yanayatosha. Tamthilia inataka macho, kwa hiyo naiangalia cherehani ikishafunikwa. Anayefanya kazi ya mkasi, kisu au moto, namshauri afanye hivyo hivyo leo, asisubiri hasara imfundishe.

Kwa upande wa masomo, nilijifunza zaidi mwaka 2020, skuli zilipofungwa kwa sababu ya korona na masomo yakawa yanarushwa kwa redio na televisheni. Mwanangu wa kiume alikuwa darasa la tano. Nilimkalisha kwenye mkeka na daftari lake, nikarudi kwenye kazi zangu nikiamini kwamba mwalimu yumo ndani ya kioo na mimi sina la kufanya. Wiki ya kwanza ikaisha. Nilipolifungua daftari nilikuta mistari miwili ya hesabu, ya tatu imekatika katikati, kwa sababu mwalimu alikuwa amekwisha kufuta ubao naye bado ananakili. Skulini angenyoosha mkono, au angechungulia kwa mwenzake. Pale kwenye mkeka hakuwa na wa kumuuliza, na aliona haya kuniambia kwamba ameachwa nyuma.

Siku iliyofuata somo lilikuwa kujumlisha sehemu, nusu na robo. Juu ya meza nilikuwa nimetandaza kitambaa cheusi cha buibui tayari kwa kukatwa. Kipindi kilipokwisha nilizima televisheni, nikachukua chaki ya kukatia nikaandika hesabu ile ile juu ya kile kitambaa, kisha nikamwambia anipimie nusu mita kwa utepe, aongeze robo mita, anionyeshe pamefika wapi. Akaweka kidole kwenye sentimita 75. Akakitazama kidole chake, akaitazama hesabu, akasema mwenyewe, "Robo tatu, mama." Chaki ilipanguswa kwa kitambaa kibichi na buibui likashonwa bila alama. Kutoka siku ile tulikubaliana kwamba kila kipindi cha dakika thelathini kitafuatiwa na robo saa ya kuniambia alichokisikia, kwa maneno yake, hata kama mteja anasubiri. Wateja walinivumilia, na wengine walianza kuleta watoto wao.

Sikuwa na elimu ya ualimu, na mzazi asijidharau kwa hilo. Kumuuliza mtoto "amesema nini?" na "kwa nini?" hakuhitaji cheti. Nilifanya vivyo hivyo na mdogo wake aliyependa katuni: nilimtaka anisimulie kisa mwanzo hadi mwisho, na kwa njia hiyo niligundua mapema kwamba katuni moja ilikuwa ikimtisha usiku, jambo ambalo nisingelijua kwa kumwona tu ametulia mbele ya kioo.

Katika biashara televisheni imenipa wateja, nayo nasema kwa shukurani. Tangu tamthilia za Kituruki zianze kutiwa sauti za Kiswahili, wasichana huja na picha kwenye simu wakitaka gauni la fulani. Ila kioo hakionyeshi uzito wa kitambaa, na mgongo wa nguo, penye zipu na mishono, huonekana kwa nadra. Kwa hiyo kabla sijapokea kazi ya namna hiyo, namtuma mteja dukani akakiguse kitambaa kwa mkono wake, namuuliza ataivaa wapi na atakaa kitako au atasimama, kisha ndipo nachukua kipimo na malipo ya awali. Fundi anayeahidi kutoa nguo "kama ya kwenye televisheni" bila maswali hayo anajitafutia ugomvi.

Utabiri wa hali ya hewa baada ya habari sitaueleza kwa urefu. Kaka yangu ni mvuvi, na msimu wa kusi hakuna anayeruhusiwa kuzungumza nyumbani kwetu wakati huo.

Wanaohofia umeme wafanye hesabu. Televisheni bapa ya inchi 32 hutumia takriban wati 50, yaani ikiwaka saa tano kwa siku inakula robo ya uniti, na uniti moja huchukua siku nne. Ile yangu ya chogo ilikaribia kula mara mbili ya hapo, ndiyo maana niliibadilisha. Kifurushi cha king'amuzi ndicho kinachoumiza zaidi, na mimi hulipia miezi ya skuli kufungwa na mwezi wa Ramadhani, miezi mingine tunatosheka na vituo visivyolipiwa.

Mwanangu sasa yuko sekondari, na wakati wa mitihani televisheni haiwashwi kabla ya sala ya Isha. Rimoti inakaa ndani ya droo ya cherehani pamoja na bobini na chaki, na anayeitaka huja kuniambia kwanza anataka kuangalia nini.