Nataka kurudia kuchora, nianzie wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nilipokuwa sekondari nilichora sana, hata ramani za jiografia za ukutani walinipa mimi. Baadaye nikaolewa, nikafungua kibanda cha ushonaji hapa Mwanga, na penseli nikaiweka kando. Juzi nimemchora mwanangu kutoka kwenye picha ya simu, akauliza, "Mama, huyu ni nani?" Nifanyeje mkono urudi? Na ninunue seti kubwa ya penseli?
Mshonaji, Kigoma

JIBU: Marahaba, mama. Mkono wako ni mzima. Anayekata shingo za magauni kila siku ana mkono mtulivu kuliko mimi ninayeandika majina ya maboti. Jicho ndilo linalotaka mazoezi.

Chukua tepu yako, upime ule mchoro wa mwanao: utosini hadi kidevuni, kisha utosini hadi machoni. Nina hakika macho umeyapandisha. Kichwani macho hukaa karibu katikati kabisa, ila sisi hutazama uso tunaozungumza nao, tukapunja paji na nywele. Shusha macho, umchore tena.

Halafu simu iweke mkobani. Picha imeshakigeuza kitu chenye kina kuwa bapa, na kazi hiyo ndiyo unayopaswa kujifunza kuifanya mwenyewe. Nenda mwaloni Kibirizi siku za mbalamwezi. Taa hazivuti dagaa mwezi ukiwa mpevu, kwa hiyo wavuvi hupumzika na mitumbwi hulala mchangani, haitikisiki. Chagua mmoja, ukae mbele yake, omo, yaani ncha yake ya mbele, ikuelekee. Hapo ndipo pagumu, na ndipo ninapotaka ukae sana. Kwa kuwa unajua mtumbwi ni mrefu, utauchora mrefu, wakati kutoka ulipokaa unaonekana mfupi na mnene. Nyoosha mkono wenye penseli, fumba jicho moja, pima upana wake kwa ncha ya penseli na kidole gumba, kisha ulinganishe na kimo. Kiwiko kisikunjwe, kikikunjwa kipimo kimeharibika. Chora unachopima, hata kama akili inakataa.

Ukikwama, acha mtumbwi, chora nafasi: ule mchanga ulio kati ya mtumbwi na mtumbwi, lile pembe la kivuli chini ya omo. Nafasi haina jina, kwa hiyo akili haikuingilii. Mimi mbinu hii naipenda kuliko zote.

Kiangazi ukungu ukitanda, angalia milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Inafifia, mpaka wake na anga karibu haupo. Iguse kwa penseli kidogo tu, na weusi wote uuache kwenye mtumbwi ulio karibu. Ziwa litapata umbali lenyewe.

Akina mama wanaoanika dagaa wachore harakaharaka, dakika moja kila mmoja, bila ufutio. Mgongo na mabega kwanza, vidole havihitajiki.

Seti kubwa usinunue. Penseli za HB na 4B zinatosha: B ni laini na nyeusi, H ni ngumu na hafifu, HB iko katikati. Zichonge kwa wembe, ncha iwe ndefu. Pesa iliyobaki nunua rimu ya karatasi za fotokopi, kila karatasi uandike tarehe, na usichane hata moja. Habari ya rangi uniulize rimu ikiisha.