Anko hana mtu Anfield

Mpwa wangu, ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili. Wakala wa hapo Mwanza anataka milioni 4 akulete Liverpool kwa majaribio, mama yako anataka kuuza kiwanja, na mimi ninayeishi jirani na Anfield, uwanja wao, nikuombee nafasi. Na picha ya Luis Díaz, yule winga wa Colombia aliyecheza Liverpool, umeweka: "Huyu naye katoka porini kama sisi."

Anfield naingia sana, ila naingia watu wakishatoka. Nazoa vikombe na makaratasi kwenye viti. Siku nyingine ni maboksi, usiku kucha ghalani. Díaz alikaa hapa miaka mitatu na nusu, nami nilimwona kwenye runinga ya kinyozi tu.

Kutoka mbali, kweli katoka. Barrancas ni mji mdogo wa La Guajira, Colombia, nchi kame kuelekea Venezuela, na yeye ni Mwayuu, kabila asilia la huko. Kocha wake wa kwanza alikuwa baba yake. Mwaka 2015, akiwa na miaka 18, alicheza mashindano ya makabila asilia ya Amerika Kusini kule Chile. Akaenda Barranquilla FC, daraja la pili, kakonda hadi ikabidi alishwe anenepe kwanza. Kisha klabu ya Junior, akabeba ubingwa wa Colombia. Porto ya Ureno walimchukua 2019, ana miaka 22. Liverpool, Januari 2022. Sasa yuko Bayern, Ujerumani. Porto, Liverpool na Bayern, wote walitoa hela kumchukua yeye. Hakuna mama aliyeuza kiwanja.

Na Uingereza hawakupi kibali cha kazi kwa chenga zako. Wanahesabu pointi: mechi za timu ya taifa, dakika ulizocheza kwenye ligi inayotambulika. Wewe una ndondo za mtaani. Hata Msuva, winga wetu, alianza kung'ara Yanga ndipo akaenda Morocco, 2017. Samatta alipita Mazembe na Genk kabla ya Aston Villa.

Nimeishi chumba kimoja na kijana wa Afrika Magharibi aliyeletwa na wakala. Majaribio yenyewe yalikuwa kwenye bustani ya umma, siku moja, mvua inanyesha. Kesho yake simu ya wakala haipatikani. Leo tunafunga mizigo pamoja, na mechi haangalii kabisa. Ila mara moja, wakati wa mapumziko, alipiga danadana na chungwa, tukasahau kula.

Jambo moja tu nililofanana na Díaz. Oktoba 2023 wazazi wake walitekwa hukohuko Barrancas. Mama akapatikana siku ileile, baba akakaa na waasi siku 12. Katikati ya hayo akaingia dhidi ya Luton, akafunga dakika za mwisho, akainua jezi: chini yake maandishi ya kuomba baba aachiwe. Nilikumbuka bibi yako alivyolazwa nami niko zamu, simu imefungiwa kwenye kabati. Haya huyaoni kwenye picha.

Mwambie dada kiwanja kibaki. Pamba Jiji wako hapohapo Mwanza, nauli ni daladala. Nenda kaulize lini wanapokea vijana, hata ukianza na timu ya vijana ukakaa benchi. Viatu nitatuma na mtu anayekuja Desemba. Nitajie namba ya mguu; ile ya mwaka jana lazima imeshapitwa.