Biblia yake imekataa, yangu imekubali

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi ni Mkatoliki, niko Busia upande wa Uganda, mume wangu ni mlokole. Mwezi wa 6 nilitaka mkopo wa milioni 2 kwenye sako, chama chetu cha akiba na mikopo, nipanue biashara ya mitumba, nikamwomba anisainie kama mdhamini. Jumatatu asubuhi hata chai hajanywa akafumba macho, akafunua Biblia, akaweka kidole, kikaangukia Mithali 6 pale pa ukimdhamini mwenzako umenaswa. Akafunga kitabu, eti Mungu amekataa. Mimi nikaenda misa, injili ya siku hiyo ni Mathayo 5, anayetaka kukopa kwako usimpe kisogo! Sasa Mungu aliongea na nani kati yetu? – Mama Mitumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Samahani nimecheka kwanza, si kwa ubaya.

Nianze na wewe maana naona umeshajipa ushindi. Hiyo injili haikupangwa kwa ajili yako. Ni ya Jumatatu ya juma la 11 la Mwaka kwenye kalenda ya Kanisa, inasomwa siku hiyo kila mwaka, Arua, Roma, popote, ilikuwa kwenye kalenda hata kabla hujanunua belo la kwanza. Hapo ndipo ninapoipendea kalenda, haijui shida zako, inakulisha hata usichokitamani. Waanglikana nao ni hivyo hivyo, kitabu chao cha sala cha 1549 kiligawa Zaburi zote 150 kwa siku 30, asubuhi na jioni, uwe na furaha usiwe na furaha unaisoma ya siku hiyo. Wasabato wana lesoni yao ya robo mwaka, hao majirani zako unawajua.

Na mumeo usimdharau, maana mtakatifu wenu Agustino mwaka 386 alifanya karibu hayo hayo kule Milan, alisikia sauti ya mtoto ikisema chukua usome, akafungua barua za Paulo, macho yakaangukia Warumi 13, maisha yakageuka. Lakini angalia, lile andiko lilimbana yeye mwenyewe, aache anasa zake. La mumeo limembana nani? Wewe. Andiko likikubaliana na kile mtu alichokuwa anataka tangu jana mimi huwa nashtuka kidogo.

Kuna Wamoraviani, kanisa la Kiprotestanti, Tanzania wako wengi, wao andiko wanalichota kwa kura kabisa. Tangu 1728 kule Herrnhut, Ujerumani, wana neno la kila siku, na mpaka leo aya za Agano la Kale zinachotwa kwa kura, ila zinachotwa kama miaka mitatu kabla halafu zinachapwa kitabu kimoja wanasoma wote. Kwa hiyo hakuna anayeamka asubuhi akachota ya kumnyima mkewe saini. Hata walokole wenyewe, wale wa uamsho wa Afrika Mashariki wa miaka ya 1930, neno ulilopata ulikuwa unalileta kwenye fellowship mbele ya ndugu, wanakuuliza maswali mpaka unatoka jasho, kutembea nuruni walikuwa wanaita. Mwulize mumeo kama hilo la mkopo alilipeleka kwa ndugu au liliishia kwenye kidole chake.

Unajua Buganda Wakristo wa kwanza waliitwa abasomi, wasomaji, na mpaka leo kwa Kiganda kwenda kusali ni kwenda kusoma. Kusoma, si kudokoa. Sasa jioni moja mkishakula leta hiyo Mithali 6 mezani, na asome yeye kwa sauti, asiishie pale kidole kilipoishia. Mstari wa 1 mpaka wa 5 ni mdhamini aliyenaswa, sawa, na ni onyo la kweli, watu wameuza mashamba kwa ajili ya saini. Mstari wa 6 hapo hapo chini ni nani? Mvivu anaambiwa amwendee chungu, anayejiwekea chakula mapema. Huyo chungu si ni wewe na mitumba yako?

Halafu muulize anaogopa nini hasa. Labda ana deni la zamani hujui, labda amesikia riba ya hiyo sako. Akikataa bado, usimrushie Mathayo 5, tafuta mdhamini kwenye kikundi chako cha akina mama, tena anza na milioni 1.